Masale Ndani ya Mtutu wa Kushoto

Jioni tulipoingia Himo kununua bunduki, kaka yangu Leodegar alikuwa na furaha ya mtu anayepeleka posa. Mwaka ule wa sabini na nne kila nyumba ilitakiwa kulima mahindi. Sisi wa Uru shamba letu lilikuwa huko chini tambarare, ambako nguruwe pori walivuna kabla yetu. Mlinzi nilikuwa mimi, Sirili, peke yangu kibandani. Jirani yetu alikuwa ameshapasuliwa tumbo na dume mmoja. Leodegar aliapa kwamba mdogo wake hatakufa kifo kile, akahangaika maofisini mpaka akapata kibali.

Muuzaji alikuwa mjane, Mama Bernadetha. Tulimwamkia, akatutolea bunduki ya marisau ya marehemu mumewe, yenye mitutu miwili. Leodegar aliikunja, akaichungulia kwenye mwanga wa mlango. Akaiweka begani kupima kitako, akaitingisha kuona kama bawaba imelegea. Aliwahi kupitia mgambo, na hakutuacha tusahau.

"Huu wa kushoto umeziba," alisema.

"Ni masale," mjane akajibu. "Yaacheni humo. Tumieni wa kulia tu."

Kwetu hakuna asiyejua masale. Ni jani unalompelekea uliyemkosea, limefungwa fundo, na akilipokea amekusamehe. Lakini sikuwahi kusikia limewekwa kwenye bunduki.

"Nani alimkosea nani, mama?" niliuliza.

"Yalikwisha, mwanangu. Yaacheni tu."

Tulipotoka nilimsikia akisukuma kitu kizito nyuma ya mlango.

Asubuhi Leodegar aliketi uani kuisafisha.

"Mtutu ulioziba unampasukia mpigaji usoni," alisema. "Masale au si masale."

Alikuwa sahihi, na hilo linaniudhi mpaka leo. Alisukuma fimbo, fundo likadondoka mavumbini. Nilitegemea jani kavu la miaka.

Lilikuwa bichi.

Akapitisha kitambaa chenye mafuta ya cherehani. Kikatoka chekundu. Akapitisha kingine... chekundu.

"Kutu," alisema.

Nilikinusa. Kilinuka kama machinjioni. Nikamrudishia, maana bunduki ilikuwa yake na kaka yangu hapendi kukosolewa.

Siku hiyo hiyo jua likizama tulikuwa shambani. Yeye alikaa juu ya jiwe pembeni, mitutu yote miwili ina risasi. Mimi nilikuwa kibandani na panga langu. Nguruwe wakaja wakivunja mahindi. Akapiga wa kulia. Dume likaanguka likipiga kelele, matumbo nje, likijizungusha na kung'oa mabua. Nikatoka mbio nikalikata shingo, damu ikanirukia mpaka kifuani. Niliinama pale nikicheka. Tumeshinda, nilijiambia.

Kukawa kimya.

Puuu...

Ilikuwa kama mtu anapuliza mdomo wa chupa. Sauti ilitoka kule kwenye jiwe. Puuu... Kisha ikaja sauti ya mtu mzima, nzito, ambayo sikuijua.

"Mdogo wangu... simama nikuone."

Nikasimama. Nani asingesimama akiitwa hivyo?

Moto.

Mkono wangu wa kushoto ukawa unaning'inia kwa ngozi. Niliangukia mzoga wa nguruwe. Leodegar alikuja bila haraka, akaikunja bunduki, maganda yakaruka, akaingiza risasi nyingine kwa utaratibu kama alivyofundishwa.

"Kaka... ni mimi. Sirili."

Akaifunga. Klak.

Nilimkata mkono ulioshika mitutu. Vidole vitatu vikadondoka. Hakulia hata kidogo. Mkono mwingine ukaendelea kutafuta kifyatulio, nikamkata tena, safari hii begani, panga likakwama kwenye mfupa. Bunduki ikalipukia chini. Ndipo akaanguka magotini, akanitazama, na machozi yakamtoka.

"Sirili," alinong'ona. "Nani amekuumiza hivi?"

Kwa swali lile nilimsamehe palepale.

Mkono wangu waliukata hospitali. Polisi waliichukua bunduki, na Leodegar aliwaeleza kwamba aliona nguruwe. Mama Bernadetha alikuja wodini, akaniambia mumewe alimuua ndugu yake wa tumbo moja kwa mtutu ule wa kushoto. Masale aliyatia mume mwenyewe, kumwomba nduguye msamaha.

"Yule ndugu akatulia," alisema mjane. "Kaka yako alisikia nini hata akakupiga?"

"Mimi ndiye niliyesikia, mama." Nikamrudia maneno yale.

Akajiziba mdomo kwa khanga. "Ndivyo mume wangu alivyomwita mdogo wake siku ile."

Basi nilikuwa na jibu, nikaishi nalo miaka. Nyumba yangu na ya kaka zinatazamana, tunalishana Krismasi, watoto wake wananisaidia kufunga vifungo vya shati. Mwaka jana, tukiwa wawili tu mbele ya kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, Leodegar aliniwekea mkono wenye vidole viwili juu ya goti.

"Polisi niliwadanganya," alisema. "Nilikuona wewe. Nilikuona vizuri kabisa."

Nilimwambia najua. Haikuwa yeye. Ilikuwa ile sauti.

"Sauti gani?" aliuliza, na alionekana kushangaa kweli. "Nilikuita mwenyewe."

Alikunywa, akanipa kata. Niliipokea, nikatamani kwa moyo wangu wote ule mzimu uwepo kweli.