Sukari Chini ya Kaunta

Kila asubuhi Bertilla aliwasha moto na kubandika maji ya uji. Kisha alijifunga kitenge mabegani, kwa sababu ya baridi, akasimama mlangoni kuitazama nyumba ya jirani. Hakuna aliyempa kazi hiyo, lakini hakukosa hata siku moja.

Jirani huyo aliitwa Herieth, mke wa Mboje. Walikuwa Wasukuma waliohamia Sumbawanga na ng'ombe wao. Herieth alifunga dumu la maziwa kwenye baiskeli na kwenda kuuza mjini. Alirudi na dumu tupu. Bertilla akiliona dumu tupu, roho ilimuuma.

"Kila siku anamaliza maziwa yote," alimwambia mumewe, Adolfu. "Lazima ana dawa."

"Ana ng'ombe," alijibu Adolfu.

Bertilla na Adolfu, wazazi wa Salome, walilima mahindi na ulezi. Hiyo ilikuwa miaka ya tisini, mwanzoni. Ruzuku ya mbolea ilikuwa imeondolewa, na bei yake ilipanda sana. Bila mbolea, mahindi yao yalitoka membamba kama vidole.

"Mmoja wetu asipopata mshahara, mwakani hatutavuna cha kutosha kula," alisema Adolfu.

Lakini biashara nayo ilikuwa imefunguliwa. Sabuni, sukari na kanga, vitu vilivyokuwa adimu, sasa vilijaa madukani. Mjane mmoja, Mama Dominika, alifungua duka kubwa karibu na soko. Jumapili moja, baada ya misa, Bertilla alisikia kwamba mama huyo anatafuta muuzaji. Alifurahi sana. Alipokuwa msichana alimsaidia shangazi yake katika duka la kijiji, enzi za foleni. Nani angemshinda?

Hakumwambia Herieth. Mwenye ng'ombe anataka kazi ya nini?

Siku ya usaili, au intavyuu kama watu walivyosema, Bertilla alivaa kitenge chake kizuri. Alipofika dukani, alimkuta Herieth amekaa kwenye benchi.

"Ee, Mama Salome!" alisema Herieth. "Kumbe na wewe! Si ungeniambia tukaja pamoja?"

"Nani kakuambia habari hizi?"

"Mama Dominika mwenyewe. Si namletea maziwa?"

Bertilla alijisikia kama amemeza kaa la moto. Alipoitwa ndani, lile kaa aliingia nalo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu, mwanangu. Haya, nieleze habari zako."

Bertilla alikuwa amejiandaa vizuri. Lakini macho yake yalirudi mlangoni, kule kwenye benchi.

"Mimi ni mwenyeji hapa," alisema. "Siyo kama yule wa nje. Yule ni mtu wa ng'ombe, duka atalijulia wapi? Hata maziwa yake sijui kama hayana maji."

Mama Dominika alikitazama kikombe chake cha chai ya maziwa.

"Nimeuliza habari zako wewe," alisema taratibu.

"Nimewahi kuuza katika duka la kijiji, mama."

"Vizuri. Sasa, sukari imebaki kidogo na wateja ni wengi. Utafanya nini?"

Bertilla alitabasamu. Hilo alilijua tangu utoto.

"Nitaificha chini ya kaunta, mama! Nitakuwekea wewe, na Padri, na wakubwa. Wengine nitawaambia hakuna. Wakibisha, nafunga dirisha."

Mama Dominika alicheka hadi akafuta machozi. Bertilla naye akacheka. Alitoka akijua kazi ameshaipata.

Kazi alipewa Herieth.

Ndugu msomaji, wivu ulimkaa Bertilla vibaya. Akimwona Herieth bombani, alirudi na ndoo tupu. Aliwaambia wanawake wenzake kwamba Herieth kahonga maziwa. Usiku alimsumbua Adolfu kwa maneno hayohayo.

"Basi kamuulize alijibu nini," alisema Adolfu.

"Nikamuulize yeye? Bora nile majani."

Lakini hamu ya kujua haikumwacha. Siku moja alikwenda dukani, eti kununua chumvi. Alisimama nyuma ya watu, akachungulia.

Mzee mmoja alitaka betri za redio.

"Leo zimeisha, baba," alisema Herieth. "Gari la Mbeya linazileta Alhamisi. Pita, utazikuta. Leo nikupatie nini kingine?"

Mzee akafikiri kidogo, akanunua sabuni, akaondoka akitabasamu. Bertilla alishangaa. Mtu amekosa alichofuata, na bado anatabasamu!

Zamu yake ilipofika, Herieth alimpokea kwa uso uleule. "Karibu, Mama Salome. Nikupatie nini?"

"Chumvi," alisema Bertilla kwa mkato.

Herieth alimpa chumvi, kisha akainama kidogo. "Mama anatafuta mtu wa pili. Kazi imenizidi. Njoo Jumamosi ujaribu tena."

"Unanicheka?"

"Nikucheke kwa lipi? Nitapita kwako jioni tuongee."

Jioni Herieth alikuja kweli. Adolfu alimpa kigoda. Bertilla aliendelea kuchambua maharage bila kuinua kichwa.

"Sema basi," alisema. "Ulitumia dawa gani?"

"Ukiona vyaelea, vimeundwa," alijibu Herieth. "Miaka yote hii ya maziwa nilikuwa najifunza kuongea na wateja. Sasa sikiliza. Ukiulizwa habari zako, jieleze wewe. Sema unachoweza, utoe na mfano. Ukimsema mwenzako, mwenye duka anawaza, huyu kesho atanisema na mimi."

Mikono ya Bertilla ilisimama. "Nani kakuambia nilimsema mtu?"

"Mlango ulikuwa wazi, Mama Salome. Niliyasikia yote. Hata yale ya maji kwenye maziwa."

Bertilla aliona aibu, akatamani ardhi immeze.

"Sasa kwa nini unanisaidia?" aliuliza.

"Mwanangu Limbu alipougua malaria, mimi nikiwa mjini, nani alimbeba mgongoni hadi hospitali? Roho yako ina wivu, shoga, lakini mgongo wako ni mzuri."

Adolfu alicheka kwa sauti. Bertilla alitaka kununa, akashindwa.

"Na ile sukari?" aliuliza. "Nilikosea wapi?"

"Enzi za foleni duka lilikuwa moja. Mteja alikubembeleza wewe. Leo barabara nzima ni maduka. Ukimwambia hakuna na kumfungia dirisha, anavuka barabara, harudi tena. Sukari ikipungua, mwambie bosi mapema aagize nyingine. Iliyobaki muuzie anayekuja, awe mkubwa au mdogo. Biashara haigombi."

"Na nikiulizwa nisilolijua?"

"Sema hulijui, ila uko tayari kujifunza. Mimi mizani ya duka sikuijua, na nilisema hivyohivyo. Na wewe ukipewa nafasi, uliza. Uliza saa za kazi, mshahara, siku ya kupumzika. Kuuliza siyo utovu wa adabu."

Wakafanya mazoezi palepale. Adolfu akawa mteja. Alipiga meza kwa kiganja. "Nipe sukari!"

"Haku..." Bertilla akajiziba mdomo. Wote watatu wakacheka.

Jumamosi alifika mapema. Mama Dominika aliuliza maswali yaleyale, na safari hii Bertilla alijieleza yeye. Alisema anajua kupima, kupanga bidhaa na kusafisha duka. Alieleza kuhusu sukari. Aliuliza saa za kazi na mshahara. Kisha Mama Dominika akainua kikombe chake.

"Na yule mtu wa ng'ombe?"

Uso wa Bertilla ulipata moto. Angeweza kusema uongo mzuri, lakini hakusema.

"Mama, nilimsingizia. Maziwa yake hayana maji. Nilimwonea wivu, na bado namwonea, kwa sababu anajua kuuza kuliko mimi. Ndiyo maana nataka nifanye kazi karibu naye, nijifunze."

Mama Dominika alikunywa chai yake hadi mwisho.

"Jumatatu usichelewe," alisema.

Msimu ule Adolfu alinunua mbolea kwa mshahara wa mkewe. Mahindi yalinenepa, na Salome alikula ugali wa kutosha mwaka mzima.

Je, wivu uliisha? Usidanganywe. Siku moja, karibu na Krismasi, duka lilijaa. Watu wengi walisimama upande wa Herieth, na upande wa Bertilla alibaki bibi mmoja tu. Bertilla alisikia lile kaa la moto tena. Alivuta pumzi, akaegemea kaunta.

"Karibuni na huku, akina mama!" aliita kwa furaha. "Sukari ni ileile, na huku hakuna foleni!"

Watu wakacheka. Nusu yao wakahamia kwake. Herieth aligeuka akawatazama wanavyoondoka, kisha akamtazama jirani yake. Lile jicho Bertilla alilijua vizuri sana.