Udongo wa Zizini

Mume wa shangazi yangu Loisi aliitwa Joel. Alikuwa kibarua kwenye machimbo ya mawe kule Zuzu, miaka ile ya ubinafsishaji, machimbo yaliponunuliwa na tajiri mmoja wa mjini. Siku yenyewe ilianza kama siku zote: jua, vumbi, nyundo za wagonga kokoto. Upande mmoja walilipua mwamba, upande wa pili walifukia shimo la zamani ili paoteshwe miti. Tajiri alikuwa ameambiwa na serikali kwamba hapati mwamba mpya mpaka shimo lile lifukiwe.

Juu ya kifusi hutakiwa udongo wenye rutuba. Msimamizi wao, Abdulrazaki, mtu wa mjini ambaye ng'ombe alimjulia kwenye mchuzi, akaona hame jirani, mji wa familia uliohamwa, wenye zizi la zamani, udongo mweusi wa samadi. Akaamuru uchotwe.

Joel akamvuta pembeni. "Mzee, humo kazikwa mwenye mji. Kwetu Wagogo, mwenye mji alizikwa zizini mwake."

"Watoto wake wako wapi?"

"Walihama zamani. Hawajulikani walipo."

"Basi shika koleo, bwana."

Kwa watu wa pale, kaburi likiguswa, mtoto wa marehemu humwambia baba yake anahamia wapi, kisha humwomba amfuate. Mtoto hakuwepo. Joel alikuwa na huruma ya kijinga, nasema wazi, na mpaka leo inaniudhi. Alipiga magoti akanong'ona, "Baba, tunahama. Nifuate mimi." Kisha akachota, wakaumwaga udongo shimoni. Mifupa hawakuiona.

Jioni hiyo shangazi alikuwa anasonga ugali. Joel akaingia, akauacha mlango wazi.

"Funga, vumbi hilo."

"Subiri. Baba bado hajaingia."

Baba yake Joel alikuwa kwake, mtaa wa Nkuhungu, mzima, anauza mkaa. Shangazi akacheka. Joel hakucheka. Mlango ukajifunga taratibu.

Tangu hapo Joel akaanza kupotea akiwa humohumo ndani. Aliamka alfajiri kwenda kukama ng'ombe wasiokuwepo. Mikono yake ilinuka maziwa. Baba yake mzazi alipokuja kumjulia hali, Joel alimwamkia vizuri, akamkaribisha kigoda, akamwuliza, "Unatokea wapi, mzee?" Yule mzee alilia njia nzima.

Mchungaji aliomba, haikusaidia. Mganga alisema kwa sauti ya chini, "Kajitoa mwenyewe kuwa mtoto. Baba gani anarudisha mtoto?"

Shangazi aliniambia kwamba kufikia hapo hakuogopa tena. Hakuhisi kitu. Alipika, alifua, alimtazama mumewe akienda.

Siku moja, jua linazama, Joel alisimama mlangoni.

"Mama Angelina."

Shangazi aligeuka upesi. Joel hakuwa amemwita hivyo siku nyingi.

"Abee, baba Angelina."

"Angelina ni nani?"

Binti yao alikuwa amekaa hapohapo, anachambua mchicha. Joel alimtazama. Akatoka. Shangazi hakumwita.

Nyayo zake zilifika katikati ya lile shimo lililofukiwa. Zikakoma. Watu walichimba. Wakakuta mawe.

Miche iliyopandwa pale ilikauka yote. Badala yake yakaota manyara, miti ile ya utomvu wanayofanyia ua wa mifugo. Hakuna aliyeyapanda. Yaliota duara, na lango likatazama nyumba ya shangazi. Shangazi akafunga virago, akahamia Nkuhungu kwa mkwewe.

Huko nako yameota, uani. Duara dogo. Lango linatazama chumba anacholala Angelina. Shangazi huyang'oa kila asubuhi.

Juzi nilikwenda kuwasalimia. Nikamkuta Angelina ameinama na kopo, anayamwagilia maji.

"Nani kakutuma?"

"Baba," alininong'oneza. "Kasema yasikauke, babu yule mwingine anakuja na ng'ombe."

Niligeuka. Shangazi alikuwa nyuma yangu, amesikia yote. Aliendelea kuanika nguo.