Nyuki Ndani ya Mtumbwi

"Hivi Evaresta, wageni wako wanalipa fedha wachoke kwa kasia, halafu wanalipa tena wapumzike?"

Ndivyo jirani yake Therese alivyomwuliza siku moja Evaresta, mjane aliyekodisha mitumbwi mitatu ya gogo huko Bugomora. Leo ndiyo ilikuwa siku ya kupumzika. Kambini kando ya mto Kagera wageni walijilaza kivulini, nguo zimeanikwa, hakuna safari. Hata hivyo, kulipopambazuka mtumbwi mmoja haukuwepo. Ulionekana saa kumi jioni, umesukumwa ndani ya mafunjo.

Cassian, aliyewaleta wageni kutoka Bukoba, alimgeukia mlinzi.

"Mzee Harerimana, umevusha magendo gani ng'ambo?"

"Mimi? Nililinda lango la barabarani usiku kucha."

"Utayasema hayo polisi."

Harerimana alikaa chini kama gunia. Jumamosi Yusto, kijana anayewaongoza wageni mtoni, angemletea rubisi, pombe ya ndizi ya posa, kumwomba binti yake, Nikuze. Nani huposa kwa mwizi?

"Ngoja kwanza, baba," Evaresta alimwambia Cassian. "Polisi hawakimbii. Makasia yapo?"

"Yote yapo jikoni."

"Basi ulisukumwa kwa upondo, na katikati ya mto upondo haugusi chini. Haukuvuka huu. Umefuata ukingo tu."

Aliinama akautazama. Jana ulinuka kambare na tope. Leo umesuguliwa ukang'aa. Kwenye nyufa zake vilinasa vipande vya majani makavu ambayo hayakuwa mafunjo. Nyuki walizunguka humo kana kwamba wamealikwa.

"Nyuki wanatafuta nini kwenye gogo?" Cassian aliuliza, hasira imeanza kumtoka.

Evaresta alipitisha kidole kwenye ufa, akakilamba. Utamu. Akatabasamu. Nyumba nyingi za huku zina gogo lililochongwa kama mtumbwi lisilojua mto: humo ndizi mbivu hukanyagwa pamoja na majani makavu, zitoe maji ya kutengenezea rubisi.

"Mtu amekanyaga ndizi humu."

"Gaudiosus!" Cassian alisema. "Jirani huyo, shamba lake la migomba linafika majini."

Gaudiosus aliitwa, akacheka mpaka akakohoa. "Ndizi zipi? Upepo uliangusha migomba yangu yote. Hata za kupika nanunua!"

Evaresta aliwatazama watu mmoja mmoja. Siku ya kupumzika kila mtu alikuwa pekupeku, isipokuwa mmoja.

"Yusto mwanangu, mbona buti?"

"Siafu, mama."

"Zivue, tuwaone hao siafu."

Yusto alizungusha macho, kisha akavua. Miguu ilikuwa myeusi kwa utomvu wa ndizi mpaka vifundoni. Nyuki mmoja akatua kidoleni.

"Gogo la baba limepasuka," alisema kwa sauti ya chini. "Ndizi zilikuwa zimeiva, zingeoza. Nikasema leo mtumbwi hauna kazi, nikauchukua alfajiri."

"Mdomo wa kuomba ulikuwa wapi?"

"Ningeombaje, mama? Mtumbwi wa kambare! Ukoo mzima ungejua rubisi ya posa imekanyagwa mlemle wageni wanamoweka viatu vyao. Ningechekwa mpaka kaburini."

"Ukaona heri mkweo aitwe mwizi?"

"Nilijua polisi wangemwachia. Wasingekuwa na ushahidi."

"Amri inasema usimshuhudie jirani yako uongo. Na wewe uliyekuwa na ukweli ukaukalia?"

Cassian alimshika Harerimana mkono, akamwinua. "Nisamehe, mzee. Kazi yako ipo."

Harerimana aliitikia kwa kichwa. Hapo Yusto alipiga magoti mbele yake.

"Baba, nimekosa. Lakini Jumamosi… nije?"

Mzee aliitazama ile miguu myeusi. Akaokota fimbo yake, akampita palepale alipopiga magoti, akashika njia ya nyumbani bila kumwinua.