Muuza Friji na Maharamia wa Nchi Kavu

Kitendawili!

Mmesema tega? Haya, shikeni: nyumba yangu ina madirisha mawili, moja nalifunga mchana kutwa, nisije nikapotea humo humo ndani.

Kuku? Kuku ana madirisha? Taa? Wala. Mji msinipe, siutaki leo. Kaeni nacho tu. Yupo mwanamke mmoja alikaa nacho wiki nzima bila jibu, na siku alipolipata, lilimwokolea mtu.

Kazini walimwita Fundi.

Siku hiyo, jua likiwa utosini, Fundi alikuwa amemkalia mtu mgongoni simu ilipotetemeka mfukoni mwake.

Choo cha kituo cha mafuta. Vigae vyeupe, bomba linavuja. Mtu aliyekaliwa alikuwa mpeleka habari wa wauza silaha, na punde iliyopita alikuwa na kisu. Sasa kisu kilikuwa ndani ya beseni la kunawia, na meno yake mawili yalikuwa yanakisindikiza.

"Tulia, baba," Fundi alimwambia. "Ukitapatapa unachafua sakafu, na kuna mtu anaipiga deki."

Akamfunga vidole gumba kwa waya wa plastiki. Akajifuta damu kwenye shati la mwenyewe. Ndipo akatoa simu.

Picha. Mdogo wake kaituma asubuhi, mtandao umeifikisha sasa.

Kasha la mbao limebanduliwa kifuniko, na ndani, kwenye nyasi kavu, bastola zimelala kama vifaranga. Glock. Mpya. Bado zina grisi.

Chini ya picha, hakuna neno hata moja.

Sasa mjue, mdogo wake alikuwa kinyozi. Mkono mwepesi, mdomo mwepesi zaidi. Akifunga duka, kazi yake ilikuwa moja: maharamia. Alikuwa na kundi mtandaoni, Maharamia wa Nchi Kavu, watu wazima na akili zao ambao hawajawahi hata kupanda ngalawa. Wanawashonea mabinti zao bendera za fuvu. Wanabishana juu ya mafundo ya kamba hadi chakula kinaungua jikoni. Na vichekesho vyao! "Kwa nini haramia hapewi pasipoti? Kila akiambiwa afungue macho, anafungua moja." Basi watu wanacheka mpaka wanalia.

Yeye mle ndani aliitwa Kapteni Wembe. Ndiye aliyetega kile kitendawili changu wiki moja kabla, akaweka na sheria: siku ya kukutana, kila mtu avae kiraka cha jicho, na asikivue mpaka jibu litolewe.

Fundi, ambaye mdogo wake alimwingiza humo zamani, akafungua kundi. Picha ile ile ilikuwepo, ila kule ina maneno:

"Jamani, nani kaagiza hizi? Niliomba bastola za plastiki za kizamani, za kushindilia baruti. Haramia wa zamani na bastola ya magazini? Tutachekwa!"

Watu thelathini wamecheka.

Mungu wangu, kijana huyu. Kafungua kasha la wauza silaha, na kilichomuuma ni kwamba silaha si za enzi husika.

Lakini Fundi hakucheka. Kundini alitania, sawa. Kwake mbona katuma kimya kimya? Miaka yote ndugu walijua jambo moja: dada anauza friji. Friji mikoani, friji nje ya nchi, ndiyo maana hapatikani sikukuu. Mdogo wake akimwomba, "Dada, nipatie moja basi dukani nipozee soda," jibu lilikuwa lile lile: zimeisha.

Akaandika: "Mbona unanitumia mimi? Mimi nauza friji."

Tiki moja.

Akasubiri. Tiki moja.

Simu ikaita. Mkuu wake.

"Fundi."

"Friji imeharibika," Mkuu alisema.

Maana yake, mtu ametekwa.

"Ina nyama?"

"Ina nyama. Bado haijaoza."

Yaani yu hai.

"Nyama ya nani?"

Mkuu akashusha sauti.

"Ya kwenu," akasema.

Hilux ilitoka kituo cha mafuta inaburuza matairi. Mkuu akaendelea sikioni mwake. Yule wanayemtafuta, Mwagizaji, hajawahi kuonekana sura. Silaha zake huja ndani ya makasha ya vifaa vya maigizo, kwa jina la kundi la watu wasiojua lolote. Leo kundi linakutana katika jengo la sinema ya zamani. Watu sitini watatoka pale na bastola mkononi, mapanga kiunoni, na hakuna askari atakayewasimamisha. Atawapigia makofi.

"Bastola mia zitapita kwenye makofi hayo," Mkuu alisema. "Usiingie peke yako. Kikosi kiko mbali, dakika arobaini."

"Kwenye jua hili, Mkuu, nyama haisubiri dakika arobaini."

Akakata.

Nyuma ya kiti kulikuwa na begi la kujigeuzia. Kofia pana. Koti refu. Ndoana ya mkono, ya kuvaa kama glovu. Maharamia wote wa siku hiyo walikuwa na ndoana za plastiki. Hii ilikuwa chuma kitupu, imenolewa na mafundi wa idara. Akachomeka Glock yake mgongoni. Akavaa kiraka jicho la kushoto, akashuka juani.

Ukumbini kelele kama soko. Kasuku wa vitambaa mabegani. Miguu ya mbao. Wazee wanapigana kwa mapanga ya maboksi, mmoja anakufa, anainuka, anakunywa soda, anakufa tena. Kiongozi wa kundi, bibi mmoja mnene, daktari wa meno mstaafu waliyemwita Nahodha Gego, alikuwa anahangaika.

"Mwanangu, umemwona Kapteni Wembe? Jibu la kitendawili analo yeye, na kiraka kinaniwasha!"

"Anakuja, mama," Fundi alisema.

Kisha akapanda juu ya kiti. Maana kikulacho ki nguoni mwako, na humo ndani nguo zilikuwa sitini. Akapaza sauti:

"Maharamia wenzangu! Si mnajua wazee wetu walikuwa wakimtembeza mtu juu ya ubao hadi baharini kila siku iendayo kwa Mungu?"

Ungedhani kawamwagia nyuki maji.

"Nani kakudanganya?"

"Hiyo ya sinema, dada!"

"Mtoeni huyo, ni wa juzi!"

Walimzonga, kila mmoja na kidole hewani, kila mmoja na kitabu alichosoma. Hakuna kitu kinachomshinda mpenzi wa jambo kama kuacha kusahihisha.

Mmoja tu, karibu na jukwaa, kofia yake mpya bado ina mikunjo ya mfuko, alitikisa kichwa kwa adabu.

"Kila siku," akasema. "Ndiyo, kila siku."

Nimekupata, baba.

Kofia Mpya akapita mlango wa nyuma ya jukwaa. Fundi akamfuata. Ngazi zinashuka. Ukuta una unyevu. Mlango wa chuma, na nyuma yake mtu analia kwa meno yaliyobanwa. Fundi aliijua sauti ile tangu ikiwa inalilia uji.

Akaukimbilia mlango. Na hapo ndipo alipokosea. Hakutazama chini ya ngazi.

Mdomo wa bastola ukamgusa kisogoni.

"Ingia, shangazi," Kofia Mpya alisema. Akamchomolea Glock mgongoni. Akaitazama ndoana, akacheka, akaiacha. "Na midoli yako."

Stoo isiyo na dirisha. Taa kubwa ya kazi, ya kuumiza macho. Makasha yamepangwa hadi darini. Katikati, kwenye kiti cha velveti nyekundu kilichong'olewa ukumbini, mdogo wake. Jicho moja limevimba, kidevu kimelowa damu. Pembeni yake jitu lenye koleo. Mbele yake mtu mfupi, mpole wa sura, anapangusa miwani.

Mwagizaji.

"Unamjua huyu?" akamuuliza kinyozi.

Kinyozi akainua jicho lililobaki. Likamtazama dada yake, halikupepesa.

"Simjui. Ila kofia yake mbaya."

"Picha ile ulimtumia mtu mmoja tu, nje ya wale wachekeshaji wako. Simu yako inasema, Dada." Mwagizaji akamgeukia Fundi kama anayelalamika kwa jirani. "Tangu asubuhi namuuliza jambo dogo. Dada yako ni nani, anafanya kazi gani? Ananijibu, anauza friji. Tukang'oa jino. Friji. Jino la pili. Friji. Tukaja kwenye kucha. Friji!"

"Labda anauza friji kweli," Fundi alisema. Sauti haikutetemeka.

"Basi tumalize," Mwagizaji akamwambia Jitu. "Ulimi."

"Ngojeni!" Kinyozi akatema damu. "Mtu hafi na kitendawili tumboni. Kitendawili!"

Hakuna aliyeitika. Jitu lilimtazama bosi wake.

"Tega," Fundi akasema.

"Nyumba yangu ina madirisha mawili. Moja nalifunga mchana kutwa, nisije nikapotea humo humo ndani."

Fundi akatazama taa. Akatazama swichi, ukutani, karibu na bega lake. Akahisi kile kitambaa cheusi, kimelalia jicho lake la kushoto tangu juani.

Aa. Kumbe.

"Umeshindwa," Kofia Mpya alicheka. "Toa mji."

"Mji sitoi."

Akajiangusha chini, kiwiko kikaburuza swichi.

Giza.

Risasi ikapita pale kichwa chake kilipokuwa. Fundi akasukuma kiraka juu ya paji la uso.

Sasa mmelipata jibu? Jicho lililofungwa lilikuwa limekwisha kukaa gizani. Limezoea. Chini ya mlango kulikuwa na uzi mwembamba wa mwanga kutoka ngazini. Wale watatu, taa ilikuwa imewapofua, hawakuuona. Jicho la kushoto la Fundi liliuona, nao ukalitosha kama mbalamwezi.

Usilolijua ni usiku wa giza. Wao hawakulijua.

Ndoana ikashika kifundo cha mkono wa Kofia Mpya, ikavuta. Mfupa ukalia kama kuni kavu. Bastola ikaanguka. Fundi akamshika kofia na nywele zake, akamgongesha ukutani, mara ya pili akamwachia. Hakuhitaji ya tatu.

Jitu lilikuwa linapiga koleo hewani, kama mtu anayefukuza nzi.

"Yuko wapi? Bosi, yuko wapi?"

Hapa. Ndoana nyuma ya goti. Mshipa ukakatika, Jitu likashuka kama gunia. Koleo likageuzwa, likamrudia mdomoni kwa mkono usio wake. Akaonja alichokuwa anawapikia wengine.

Mwagizaji akafyatua ovyo. Moja ukutani. Moja kwenye kasha. Moja begani mwa Jitu lake mwenyewe. Akauona uzi wa mwanga, akaukimbilia, akapanda ngazi kwa mikono na miguu.

Fundi akaokota Glock yake. Akapita karibu na kiti cha velveti.

"Uko sawa?"

"Nenda, dada! Mie siendi popote, si nimefungwa?"

Mwagizaji akatokea katikati ya jukwaa, bastola mkononi, shati nje, miwani upande.

Watu sitini wakapiga makofi.

"Safi kabisa!" akasema mmoja.

"Safi nini?" Nahodha Gego akafoka. "Si ya enzi zile hiyo bastola!"

Mwagizaji akafyatua darini. Chokaa ikanyesha. Makofi yakafa. Kabla mtu hajapiga kelele alikuwa amemkaba Nahodha Gego shingoni, mdomo wa bastola umebonyea kwenye paji lake la uso.

"Nyuma!" akamfokea Fundi, aliyekuwa ameibuka mlango wa nyuma ya jukwaa. "Namwaga ubongo wa bibi yenu!"

Fundi akasimama. Silaha mbele, macho yote mawili wazi.

"Mama," akasema taratibu. "Magego bado unayo?"

"Yote, mwanangu. Ya kwangu mwenyewe."

Na yule bibi akayatumia. Aliuma mkono ule uliomkaba kama anayevunja muwa, mpaka damu ikamtiririka kidevuni. Mwagizaji akapiga yowe, bastola ikahama nusu shubiri.

Nusu shubiri ilitosha.

Paa. Kiwiko.

Paa. Goti.

Bastola ikaanguka. Mwenyewe akafuata.

"Fundi," redio ikakoroma sikioni. "Kikosi kipo mlangoni. Hali?"

"Friji imepona. Kuna takataka tatu za kubeba. Na makasha yote."

"Na nyama?"

"Salama."

Akaipita maiti ya kasuku wa kitambaa, akawapita maharamia waliokuwa wamenyamaza kwa mara ya kwanza tangu kundi lianze. Akavua kofia, akamvika mtoto wa mtu mlangoni. Hakugeuka.

Mdogo wake alikuwa amekwishawekwa ndani ya Hilux, taulo kidevuni, vidole vimefungwa bandeji. Fundi akawasha gari. Akapeleka mkono chini ya kiti, akampa chupa ya maji. Kinyozi akaonja, akakunja uso.

"Ya moto."

"Kunywa."

Wakaondoka. Jua lilikuwa bado kali. Kwenye taa nyekundu Fundi akashindwa kujizuia.

"Nilikuuliza swali kwenye simu, hukunijibu. Bastola, na mimi wapi na wapi? Mbona ulinitumia mimi? Nao wamekung'oa kucha, bado unawaambia friji. Ulijua nini, na tangu lini?"

Kinyozi akamtazama kwa lile jicho moja. Akacheka, akashika kidevu kwa maumivu, akacheka tena.

"Dada, tangu zamani nikija kwako nikaomba maji, unanichotea kwenye ndoo. Muuza friji gani, nyumbani kwake hana hata friji moja?"