Swali la Saba la Mama Maswali

"Shangazi, nipe hadi jioni."

"Jioni ipi tena, mwanangu? Watu wa posa wanangoja jibu leo. Huyo mwalimu wako amesema neno?"

"Bado."

"Atasema lini, ukishaolewa?"

Simu ikakatwa. Mama Maswali akabaki anacheka huku moyo unamuuma. Jina hilo alipewa na wenzake ofisini, maana kazi yake ni kutunga madodoso, yaani orodha za maswali ya utafiti, na la sasa lilihusu jinsi wanafunzi wa chuo wanavyoandika insha zao. Alilitunga pamoja na mwalimu wa uandishi, mwanaume mzuri wa sura lakini mzito wa kusema, jamani! Alimpenda hadi usingizi ukampaa.

Huyo huyo akaingia na vikombe viwili vya chai.

"Leo tunalijaribu dodoso letu kabla ya kuwapa wanafunzi," Mama Maswali akamwambia. "Nakusomea swali, unajibu huku ukitaja kila kinachokupita kichwani. Mimi siruhusiwi kukusaidia."

"Kila kinachopita?"

"Kila kitu, Mwalimu. Ukificha, tumetwanga maji kwenye kinu."

Maswali sita yakapita bila shida. Likaja la saba.

"Mara ya mwisho ulipoandika kitu ukakifuta, ilikuwaje?"

Mwalimu akakohoa.

"Ilikuwa asubuhi hii. Ujumbe wa simu. Nikaandika, nikafuta. Nikaandika tena. Sasa hivi nawaza nimejichongea mwenyewe. Nawaza pia kalamu yako imesimama."

Mama Maswali alitamani kuuliza ujumbe ulikuwa wa nani. Sheria za kazi zilimruhusu kusema jambo moja tu.

"Unawaza nini sasa?"

"Nawaza niutume."

Simu ya Mama Maswali ikatetema mezani. *"Je, unanipenda na utakubali nilete wazee kwenu?"*

Akausoma, akausoma tena. Furaha ilimjaa, lakini uso akaukaza.

"Swali lako lina kasoro, Mwalimu."

Mwenzake akanywea. "Kasoro gani?"

"Umeuliza mambo mawili kwa mpigo. Mtu akijibu ndiyo, utajuaje amekubali lipi? Kwa kosa hili tumewagombeza wasaidizi wetu mpaka wakatununia. Ligawe!"

"Haya. Unanipenda?"

"Ndiyo. Tena zamani, wewe ndiye umelala."

"Utakubali nilete wazee?"

Badala ya kujibu, akampigia shangazi yake na kuweka sauti ya juu.

"Shangazi, waambie wale watu hapana."

"Ehee! Mwalimu amesema?"

"Amesema."

"Mpe simu nimsikie kwa masikio yangu."

Mwalimu akaipokea kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, baba. Wazee wako wanakuja lini?"

Mwalimu akageuka kuomba msaada. Mama Maswali akamwinamia sikioni.

"Unawaza nini sasa?"

"Nawaza Jumamosi!"

"Jumamosi ni kesho, baba," Shangazi akasema. "Ngoja nifagie."