Jina la Kipa wa Luberizi

Kila jioni Noella aliosha vyombo nyuma ya nyumba yao, mtaani Mulongwe, mjini Uvira, huku akitangaza mpira. Kaka yake Pitchou akipita na ndoo ya maji, mtaa mzima ulijulishwa. "Pitchou na ndoo, Pitchou anateleza, maji yanamwagika, lo! Nafasi imepotea!"

"Weye Noella," mama yake alicheka, "sahani nazo zitajiosha zenyewe?"

Mdomo huo ndio uliomfikisha kwa Madamu Claire, mtangazaji wa michezo wa televisheni. Madamu alikuwa akitafuta mtoto wa kutangaza naye mechi za shule kila Jumamosi, na Noella aliitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote.

Fainali ya mwaka huo ilikuwa na mechi mbili. Katika ya kwanza akapewa maikrofoni kwa majaribio. Wachezaji wa shule yake aliwataja kwa mbwembwe zote. Wapinzani, waliotoka Luberizi, waliitwa tu "yule mrefu" na "yule wa soksi nyekundu".

Mechi ilipokwisha, Madamu Claire alimvuta kando. "Mama ya ule murefu naye iko anatazama. Mutoto wake hana jina? Ukirudia hivi kwa mechi ya pili Jumamosi, nitatafuta mwingine."

Noella aliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Jumamosi lori la Luberizi lilipoingia uwanjani, wa kwanza kulipokea alikuwa yeye. Alimfuata mchezaji mmoja mmoja, akiuliza jina na kulirudia mpaka mwenyewe aridhike.

"Weye ni mupelelezi?" walimtania.

Jina la kipa, Havyarimana, lilimsumbua sana. "Si vile, enda polepole," kipa alimwambia, hadi akalipatia. Wanafunzi wenzake walimnunia walipomwona upande ule. Aliumia, lakini hakuondoka.

Mechi ilikuwa moto. Mwishoni, Luberizi wakiongoza kwa bao moja, shule ya Noella ikapata penalti. Mpigaji alikuwa Pitchou. Noella aliomba kimoyomoyo kaka yake afunge. Pitchou akapiga kwa nguvu zote, na kipa akaruka.

"Havyarimana!" Noella alipaza sauti. "Shuti kali la Pitchou, lakini Havyarimana amelidaka! Havyarimana wa Luberizi!" Machozi yalimtoka, ila sauti haikutetereka.

Baada ya filimbi, kipa alimjia mbio na simu ya kocha mkononi. "Mama amesikia jina yangu kwa televisheni! Nyumba nzima iko inaruka!"

Pitchou naye akaja taratibu, magoti yamejaa vumbi. "Miye nilikosa," alisema. "Weye haukukosa."

Madamu Claire alimkabidhi Noella maikrofoni mbele ya wote. "Hii sasa ni yako kila Jumamosi. Kipaji ulikuja nacho kutoka kwenu. Leo umeongeza bidii na haki. Mtangazaji ni wa wote wanaomsikiliza, hata wale waliomshinda kaka yake."

Noella aliipokea kwa mikono miwili, na uwanja mzima, Uvira na Luberizi pamoja, ukampigia makofi.