Diski ya Moyo wa Iteka

Kila asubuhi Fidès hutoa cherehani yake nje, karibu na mlango, kwa sababu ndani hamna mwanga wa kutosha. Mume wake, Ndikuriyo, hubaki ndani na kompyuta. Ni kompyuta ya zamani ya mezani, aliyoipata Lilongwe, mtaa wa Nsungwi. Anawaandikia watu wa Dzaleka, kambi ya wakimbizi wanamoishi, barua na maombi ya kazi. Binti yao, Iteka, ana miaka saba. Anapenda kuruka kamba, lakini akiruka mara tano tu, anakaa chini akihema.

Iteka alizaliwa na tundu dogo kwenye moyo. Mwaka jana kliniki moja ya Lilongwe ilimpiga picha za moyo, picha zinazotembea kama video. Kliniki hiyo ilifungwa baadaye. Picha zilibaki mahali pamoja tu: ndani ya kompyuta ya Ndikuriyo, alikokuwa amezihifadhi.

Mwaka huu daktari wa moyo alifika Lilongwe kwa wiki moja. Alimpima Iteka siku ya Jumatatu.

"Nahitaji kuona picha za mwaka jana," alisema. "Nikizilinganisha na za leo, nitajua kama tundu linakua au linapungua. Nitajua kama mtoto anahitaji kupasuliwa."

Muuguzi aliwaambia walete picha kwenye diski, yaani CD. Kompyuta za hospitali hazipokei flashi, kwa sababu flashi zilishaleta virusi. "Msichelewe," aliongeza. "Daktari anaondoka Ijumaa."

Njiani Fidès alimuuliza mumewe, "Virusi gani? Mutoto iko na virusi?"

"Hapana. Ni ugonjwa ya kompyuta."

Fidès hakuelewa kompyuta inauguaje. Aliwaza neno moja tu: kupasuliwa.

Jumanne Ndikuriyo alileta diski mpya, akaiweka kwenye kompyuta. Dirisha dogo lilitokea na maswali ya Kiingereza. Alijibu haraka. Kisha alizichukua picha nne za moyo, akazivuta mpaka kwenye diski. Aliziona pale, zote nne. Zilikuwa zimefifia kidogo, lakini hakujali. Ujumbe mdogo ulitokea pembeni ya kioo. Akaufunga bila kuusoma, akaitoa diski.

Jumatano walikwenda hospitali. Muuguzi aliiweka diski kwenye kompyuta yake, akangoja, akatikisa kichwa.

"Diski hii haina kitu."

"Haiwezekani," Ndikuriyo alisema. "Niliziona kwa macho yangu."

Muuguzi alijaribu tena, kisha akajaribu kwenye kompyuta nyingine. Tupu.

Waliporudi Dzaleka, Ndikuriyo hata hakukaa. Aliirudisha diski kwenye kompyuta yake. Picha nne zikatokea.

"Ona," alimwambia mkewe. "Ziko hapa."

"Kule hazikuwa. Mi nilikuwa nimesimama pale pale."

"Basi mashine yao ni mbovu."

"Zote mbili? Ama ni we njo ulikosea."

"Nimekosea wapi? Hesabu mwenyewe."

Fidès alihesabu. Moja, mbili, tatu, nne. Akaangalia diski, akaangalia mumewe. Kitu kiko, tena hakiko. Ilibaki Alhamisi, halafu Ijumaa.

Akatoka, akaenda kumwita Annuarite.

Annuarite anakaa nyumba ya tatu kutoka kwao. Alitoka Uvira, na kwa miaka mingi amekuwa akiweka nyimbo za kwaya za kanisa kwenye diski. Alikuja na laptopu yake na diski mpya tatu. Kwanza aliichukua diski ya Ndikuriyo, akaigeuza upande unaong'aa, akaiinamisha kwenye mwanga wa mlango.

"Baba Iteka, hii diski haijaandikwa. Diski yenye imeandikwa inaonyesha alama ya mviringo, rangi yake tofauti kidogo. Hapa ni rangi moja tu."

"Lakini picha tunaziona," Ndikuriyo alisema.

"Ngoja."

Aliiweka diski ile kwenye laptopu yake. Haikuonyesha kitu. Kisha alifungua diski mpya kabisa kutoka kwenye karatasi yake, akaiweka kwenye kompyuta ya Ndikuriyo. Picha nne za moyo zikatokea tena.

Fidès alirudi nyuma hatua moja. "Hiyo umeifungua sasa hivi. Zimeingiaje?"

"Hazijaingia," Annuarite alijibu. "Kompyuta inatuonyesha vitu vyenye viko vinangojea kuandikwa. Viko ndani ya kompyuta, si kwenye diski. Njo maana zimefifia. Mama Iteka, ukikata vipande vya nguo, ukavipanga juu ya meza, nguo imeshonwa?"

"Hapana. Bado."

"Njo hivyo. Baba Iteka amepanga vipande. Hajashona."

Ndikuriyo aliukumbuka ujumbe mdogo aliokuwa ameufunga. Alijikuna shingo. "Kulikuwa maneno pale pembeni. Sikusoma."

"Yalikuwa yanakuambia kazi haijaisha. Sasa tutachoma."

Fidès alimshika mkono. "Usichome. Picha ni hizo tu, hatuna zingine."

Annuarite alitabasamu. "Usiogope. Kuchoma ni kuandika. Ndani ya mashine kuna mwanga mukali, unaandika juu ya diski. Hakuna moto. Na picha zenyewe zinabaki ndani ya kompyuta. Tunaandika kopi."

"Basi mbona banasema kuchoma?"

"Hata mi sijui. Njo vile bantu banasema."

Annuarite aliuliza kwanza kama umeme umetulia. Kompyuta ya mezani haina betri. Umeme ukikatika katikati ya kuchoma, diski inaharibika. Ndikuriyo alisema umeme ulikatika asubuhi, ukarudi saa sita, tangu hapo umetulia. Wakaanza.

Annuarite alimwachia Ndikuriyo kiti. "Fanya wewe. Mi nitasema."

Ndikuriyo alitafuta neno la Kiingereza "Burn", ndiyo kuchoma, akalibonyeza. Kompyuta ikauliza jina la diski. Akaandika jina la mtoto na mwaka. Akabonyeza kuendelea. Mstari wa kijani ukaanza kujaa polepole.

"Sasa usiguse kitu," Annuarite alisema. "Usiitoe mpaka mashine yenyewe iitoe."

Walingoja. Iteka alikuja kusimama kati yao, akiangalia mstari. Ulifika nusu, ukasimama. Fidès alidhani umekufa. Kisha ukaendelea, ukajaa, na diski ikatoka yenyewe.

Annuarite hakuiamini bado. Aliiweka kwenye laptopu yake. "Kila mara jaribu kwenye kompyuta nyingine. Na usiangalie majina tu. Fungua kila picha mpaka mwisho."

Walifungua zote nne. Moyo mdogo ulipiga kwenye kioo, ukifunga na kufungua. Fidès aliziba mdomo kwa mkono.

Walichoma diski ya pili pia. Annuarite aliandika jina la Iteka juu ya kila moja kwa kalamu laini ya wino, kwa sababu ncha ngumu inakwaruza. Alipoondoka, Ndikuriyo alimwambia Fidès kwa sauti ndogo, "Ulisema kweli. Nilikosea." Fidès akamwekea chakula.

Alhamisi asubuhi walikuwa hospitali kabla daktari hajafika. Muuguzi aliiweka diski. Picha zikafunguka. Daktari aliweka moyo wa mwaka jana kushoto na moyo wa wiki hii kulia. Aliangalia kwa muda mrefu, akapima, akapima tena. Kisha akamweleza Ndikuriyo kwa Kiingereza.

"Anasema nini?" Fidès aliuliza.

"Tundu limepungua. Hawamupasui. Ataendelea na dawa, turudi mwaka ujao."

"Sema tena."

Alisema tena, safari hii kwa Kirundi, lugha yao ya nyumbani. Fidès alikaa kwenye benchi, akamvuta Iteka magotini.

Jumamosi Ndikuriyo alichukua diski ya pili, akaifunga kwenye kitambaa safi. Nyumba moja ikiungua au ikivunjwa, kila kitu hupotea pamoja, kwa hiyo walikubaliana ikae mbali, kwa Carelle, dada yake Fidès, huko Mponela. Iteka alimsikia baba yake akieleza anakoipeleka, akaja na uso wa wasiwasi.

"Mama, sasa moyo wangu utakaa Mponela?"

"Picha yake," Fidès alisema, akamwekea kiganja kifuani. "Wenyewe uko nao hapa."